Siku Mizani Alipovikataa Viatu vya Chupa

Jina lake la nyumbani halikutumika tena dukani. Tangu siku aliyomrudishia wakala mmoja katoni nzima ya viatu vya harusi kwa sababu ya mshono mmoja uliokaa upande, wenzake walimwita Mizani, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuchagua. Katika duka lile la viatu vya kike, hakuna kiatu kilichopanda rafuni kabla Mizani hajakivaa, akapanda nacho ngazi na kushuka, akakiosha, akakianika. Bosi wake, mwanamama mwembamba wa umbo lakini mnene wa sauti, alizoea kuwaambia wateja, "Macho yangu mimi ni ya kuuzia. Miguu ya yule binti ndiyo inayojua."

Asubuhi ile palikuwa na jozi tatu juu ya meza ya kioo. Zote viatu vya flati, zote za plastiki iliyookotwa. Wateja walikuwa wamechoka na visigino virefu. Walitaka kiatu cha chini cha kwendea kazini, kimpendeze mtu mguuni, na wakikivaa wajue wamepunguza takataka, hawakuongeza. Bosi akaamua kwamba msimu ule dirisha la mbele litapambwa kwa aina moja tu ya viatu hivyo. Mafundi watatu wakaleta sampuli, na Mizani akapewa siku tisa, tatu kwa kila jozi.

Sasa siku tisa zimekwisha, na mafundi wamekuja kusikia.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa kiwandani, mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi. Viatu vyake vilikuwa vya plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, vyeupe, vinang'aa kama sahani. Wa pili alikuwa mama wa makamo waliyemwita Mama Ukili, kwa kuwa yeye na wadogo zake walikata mifuko ya plastiki vipande vyembamba na kuisuka kama watu wanavyosuka mkeka. Viatu vyake vilikuwa na mistari ya kijani na njano, vya mviringo mbele, vya kawaida tu kwa kuvitazama.

Wa tatu alikuwa Chupa.

Mizani hakumtazama alipoingia. Aliinamia daftari lake na kujifanya anasoma, lakini alijua Chupa amesimama wapi kama mtu anavyojua dirisha liko upande gani hata akifumba macho. Mrefu, mtulivu, vidole vimejaa alama za sindano. Alianza kwa kuokota chupa za maji nyuma ya mahoteli na kuchekwa na mtaa mzima, akazipeleka zikasokotwa kuwa uzi, na sasa alikuwa na mashine nne za kufuma na wanawake sita wanaomwita fundi. Viatu vyake vilifumwa kwa uzi huo, rangi ya zambarau iliyoiva, ncha imechongoka kidogo mbele, vyepesi kama pumzi. Ndivyo vilivyokuwa vizuri kuliko vyote. Aliyekana hilo angekuwa na matatizo ya macho.

Na wiki mbili nyuma, wamesimama chini ya kibaraza cha posta wakisubiri mvua ikatike, Chupa alimwuliza Mizani kama atakubali kuwa mke wake. Mizani alimwomba muda. Moyo wake ulikuwa umeshajibu. Lililobaki lilikuwa baba yake.

"Haya, mwanangu," Bosi alisema, akipiga makofi mara moja. "Usituchoshe. Mimi nimeshaziona. Zile za zambarau nimekwisha kuzipangia nafasi dirishani. Wewe thibitisha tu tunywe chai."

Chupa akatabasamu. Hapo Mizani alimtazama, na tabasamu lile likamchoma, kwa sababu alijua analoenda kulifanya.

"Bosi," alisema, "kabla sijafungua mdomo, kuna jambo lazima ulijue. Huyu fundi wa viatu vya zambarau anataka kunioa. Na mimi nampenda."

Bwana wa kiwandani akakohoa. Mama Ukili akaanza kukusanya mkoba wake polepole.

"Basi mimi nikapike," alisema bila hasira. "Mambo yamekwisha hapa."

"Kaa, mama," Mizani alimwambia. "Tafadhali kaa."

Bosi alikuwa amemkazia macho. "Kwa nini hukuniambia siku tisa zilizopita?"

"Ningekwambia ungempa kazi hii mtu mwingine, na hakuna mtu mwingine dukani mwenye miguu kama yangu. Ndiyo maana nimeandika kila kitu, siku kwa siku. Daftari hili hapa. Ukiona nimependelea, nifukuze."

Bosi alilichukua daftari, akalifungua, akalifunga. "Sema."

Mizani akavua viatu vyake akabaki miguu mitupu sakafuni. Ndivyo alivyofanya kila mara. Alisema hawezi kusema habari za viatu akiwa amevaa vingine.

"Hivi vyeupe," alianza, "havina mfano kwa kuosha. Nilivimwagia chai, nikavikanyagisha tope, nikavisugua kwa sabuni ya vyombo, vikarudi vipya. Mvua haviijui. Lakini mguu unatoka jasho mpaka unaelea ndani, na ukitembea kwenye korido vinalia. Nilipita mbele ya ofisi ya mwanasheria wa ghorofani, karani wake akatoka kuangalia ni bata gani ameingia."

Mama Ukili akacheka, akajiziba mdomo. Bwana wa kiwandani akaandika kitu.

"Hivi vya kusukwa," akaendelea, "siku ya kwanza sikuvipenda. Nilisema ni viatu vya bibi. Siku ya pili nilisimama foleni ya hospitali na shangazi yangu tangu asubuhi mpaka saa nane, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba sijaikumbuka miguu yangu kutwa nzima. Vinajilegeza palipo na kidole, vinajikaza palipo na upinde wa mguu. Vinapitisha hewa. Kasoro yake ni huku mbele. Ncha ikiwa nyembamba kidogo tu, na rangi moja iliyotulia badala ya hizi mbili zinazopigana, mwanamke wa benki atavivaa."

"Hilo naliweza kwa siku nne," alisema Mama Ukili haraka, akiwa amesahau kabisa habari ya kwenda kupika.

"Na vya zambarau?" aliuliza Bosi.

Mizani alivichukua mkononi. Alihisi Chupa ameacha kupumua.

"Ndivyo vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuletewa hapa," alisema. "Siku ya kwanza watu watatu walinisimamisha njiani kuniuliza nimevinunua wapi. Ukivitia maji vinakauka kabla ya mchana. Lakini huu ukingo wa nyuma umekatwa wima, na uzi wa chupa ukipata joto la mguu unakaza. Saa ya tatu unaanza kukwaruza kisigino. Saa ya tano unakata. Nilivaa siku tatu, zote tatu nilirudi na malengelenge." Akageuka, akainua mguu, akawaonyesha plasta mbili nyuma ya kisigino. "Tukiviweka dirishani, vitauzika vyote wiki ya kwanza. Na wiki ya pili vitarudi vyote."

"Hilo ni dogo," alisema Bosi, sauti ikianza kusihi. "Vinavutia, binti yangu. Dirisha ni kuvutia."

"Dirisha linavutia mara moja, Bosi. Mguu ukiumizwa hausahau. Chukua vya Mama Ukili."

Bosi alisimama akivitazama viatu vya zambarau kama mtu anayeagana na mgeni aliyemzoea. Halafu akapumua. "Miguu yako ndiyo inayojua," alisema, na akamgeukia Mama Ukili. "Siku nne, umesema?"

Mlango wa stoo ulijifunga kwa kishindo nyuma ya Mizani na Chupa. Chupa alikuwa amemfuata katikati ya maboksi, viatu vyake amevibana kwapani.

"Alikuwa ameshavikubali!" alisema. "Umesikia kwa masikio yako. Nafasi dirishani ameshaipanga. Ulitakiwa kunyamaza tu. Sikukuomba unisifu. Kunyamaza tu!"

"Ningenyamazaje?"

"Kama mtu anavyomnyamazia mpenzi wake! Siku zote hizi unajua, Mizani. Juzi umekuja kwangu, umekula, umecheka, umewaambia wale mama zangu wa mashine kwamba wanafanya kazi nzuri. Na moyoni unajua unakuja kunivua nguo mbele ya watu."

"Wanafanya kazi nzuri. Sikuwadanganya."

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza? Ningerekebisha."

"Na Mama Ukili nimwambie nini? Kwamba yeye kaleta viatu mara moja na wewe umeleta mara mbili, kwa kuwa wewe unanishika mkono?"

Chupa akavibana viatu zaidi kwapani. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo ilipouma.

"Baba yako alisema, wewe mwenyewe uliniambia. Alisema siku moja utanionea haya."

"Sikiliza," Mizani alisema, akamsogelea mpaka wakabakiza nafasi ya boksi moja. "Ningekuonea haya ningedanganya. Mwanamke anayekuonea haya ndiye anayesema viatu vyako vizuri kisha anavivulia chini ya meza. Mimi nimesimama mbele ya bosi wangu, kazi yangu iko mkononi mwake, nikasema nampenda huyu. Hujalisikia hilo? Umesikia kisigino tu?"

Chupa alilisikia. Lilimpita usoni kama upepo. Lakini mtu aliyeumia hujishikilia palepale alipoumia, na Chupa alikuwa na kiburi cha mtu aliyechekwa sana.

"Nimesikia vyote," alisema. "Sijui kipi kikubwa." Akatoka. Jozi ile aliiacha juu ya boksi.

Mizani hakulia. Alikaa chini, akavaa viatu vyake, akajifuta uso na kitambaa kikavu kabisa, akarudi kazini kumpimia mteja namba thelathini na nane. Alijua amesema kweli, na ukweli huo ulimshika mgongo usipinde. Lakini ilipofika saa kumi na moja jioni, alipofunga jozi ya zambarau kwenye gazeti ili aende nayo nyumbani, aliifungua tena akaitazama kabla ya kuifunga upya.

Baba yake alikuwa fundi wa viatu vya ngozi kwa miaka thelathini na tano. Karakana yake ilikuwa na mafundi watano mpaka pale viatu vya plastiki vilipomwagika sokoni, rundo kwa rundo, na watu wakaacha kutengenezewa kiatu kwa kipimo cha mguu. Alifunga mlango mwaka ambao Mizani alimaliza shule. Vifaa vyake alivileta nyumbani, akavipanga kwenye kibanda cha uani, na kila wiki akavipaka mafuta kama vile kesho ana kazi. Siku Mizani alipomtajia Chupa, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Plastiki imeninyang'anya kazi. Sasa inataka na mtoto?"

Jioni hiyo alipomweleza yaliyotokea, hakuficha kitu, na mzee hakuficha furaha.

"Umevikataa!" alisema, akijipiga paja. "Safi. Damu yangu hiyo."

"Nimekataa kisigino, baba. Mwenye viatu sijamkataa."

"Mwenyewe si ameondoka?"

"Ameondoka." Mizani akafungua gazeti, akaiweka jozi mezani karibu na kikombe chake, akaenda jikoni. Alimjua baba yake.

Halafu akasikia kiti kinasogezwa. Alipochungulia, mzee alikuwa amevaa miwani, kiatu kimoja kiganjani, kidole gumba kinapita polepole ndani ya ukingo. Akakikunja, akakiachia. Akakinusa, kwa mazoea ya ngozi, kisha akajichukia kwa kunusa.

"Nani kaunga hii soli?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Yeye."

"Hm," alisema mzee. Akakigeuza kiatu kutazama kisigino, akasema kwa hasira kidogo, kama aliyetukanwa: "Mtu anajua kuunga soli namna hii, halafu kisigino anakata kama anakata mkate!"

Jumapili asubuhi, Mizani alikuwa akifua uani aliposikia hodi getini. Alipoinua macho, povu likimtiririka mpaka viwikoni, Chupa alikuwa amesimama pale, kafunga vifungo vyote vya shati, macho yake mekundu ya mtu aliyefanya kazi siku tatu mfululizo. Mkononi alikuwa na mfuko uliojaa visigino. Havikuwa viatu vizima. Vilikuwa vipande vya nyuma tu, kama ishirini, kila kimoja kimekatwa kivyake.

Walitazamana. Mizani alitaka kumwambia aingie. Alitaka pia kumrushia ndoo. Chupa ndiye aliyeanza.

"Nimefanya makosa," alisema. "Yangu nitayasema yote, na wewe utachagua. Lakini leo nimekuja kwa mzee."

Mzee alikuwa ameshatokea mlangoni mwa kibanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya binti au kwa ajili ya kiatu?"

"Kwa yote mawili, mzee. Lakini naanza na kiatu. Nimejaribu namna ishirini na zote zinakata. Mama zangu wa mashine wamevifunga mguuni wakatembea navyo, wamenirudishia wakichechemea. Sijui ninalokosea. Nikauliza mjini nani anajua kisigino, na kila fundi mkubwa niliyemwuliza alinitajia wewe."

Mizani aliona jambo ambalo hakuwa ameliona kwa miaka: baba yake alinyooka mgongo.

"Mimi ni mtu wa ngozi," alisema mzee.

"Najua."

"Plastiki siipendi."

"Najua, mzee. Hii ingekuwa mferejini sasa. Nimeiokota tu."

Mzee aliutazama mfuko. Kisha akasogea kando ya mlango, ishara ndogo sana, na Chupa akainama kupita.

Mizani alirudi kwenye beseni lake, lakini nguo ileile aliifua mara tatu. Kutoka kibandani zilimfikia sauti. Ya baba yake, kali: "Kisigino cha mtu si ukuta! Tazama chako. Vua kiatu. Umeona? Kimeingia ndani hapa, kikatoka hapa. Sasa wewe umemjengea ukuta." Ya Chupa, ya chini, ikiuliza. Sauti ya kisu kwenye jiwe. Halafu kicheko, kifupi, kikavu kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, na Mizani akasimama na shuka mkononi kwa sababu alikuwa amesahau jinsi baba yake anavyocheka.

Jua lilikuwa utosini walipotoka. Chupa alikuwa ameshika kipande kimoja, kimepinda kwa ndani kama kiganja kilichokunjwa kidogo, na pambo jembamba la uzi laini limezunguka juu.

"Kwa kiatu," mzee alitangaza, akijifuta mikono, "unaweza kurudi Jumatano. Kuna mengi hujui. Kwa binti yangu, sijasema neno."

"Ndiyo, mzee."

Mizani akaning'iniza shuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akaja kusimama kati yao.

"Baba," alisema, "nakuheshimu, na unajua. Lakini kuna swali niliulizwa mimi, na jibu ni langu." Akamgeukia Chupa. "Kwanza makosa yako, uliyosema utayasema yote."

Chupa hakuangalia pembeni. "Nilisikia kisigino nikaacha kusikia kwamba unanipenda. Nilikwambia sijui kipi kikubwa. Nilijua. Nilijua kabla sijafika mlangoni, na kiburi kikanizuia kurudi. Nilitaka uninyamazie. Leo nakuomba kinyume chake. Usininyamazie kamwe. Hata nikizeeka, hata mbele za watu. Ila mbele za watu useme polepole."

Mizani alikuwa amejiandaa kuwa mkali. Alijikuta anacheka, na machozi yaliyokataa kutoka kule stoo yakapata njia hapo hapo.

"Basi jibu ni ndiyo," alisema. "Baba akipenda, nitaolewa na wewe kwa furaha. Asipopenda, nitamsubiri apende. Lakini mwingine simtaki, na nisingependa mtu yeyote apoteze muda kunitafutia."

Mzee alitazama chini. Alitazama mikono ya kijana yule, alama za sindano mpya juu ya zile za zamani, na bila shaka alikumbuka mikono mingine iliyowahi kuwa hivyo.

"Una baba?" aliuliza mwishowe.

"Ninaye, mzee."

"Mwambie aje Jumamosi, yeye na ndugu zake wawili. Waje mchana, tukae, tuongee kama watu wazima." Akageuka kuingia kibandani, kisha akasimama. "Na aje na viatu vya ngozi. Katika nyumba hii, posa haiingii na kandambili."

Chupa alisita. "Mzee, baba yangu hana viatu vya ngozi. Hajawahi kuwa navyo."

Mzee alibaki mlangoni, mgongo amewapa, mkono mmoja umeshika mwimo. Mizani aliona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Hajawahi?" alisema mzee. "Basi leo jioni niletee kipimo cha mguu wake."